Je, sonona yangu inatoka tumboni?

"Habari daktari. Nina miaka 34, ni fundi wa nguo hapa Kariobangi. Tangu Novemba mwaka jana, baada ya kumzika mama, silali vizuri. Naamka saa tisa usiku nakodolea dari macho mpaka kuche. Mwezi wa tatu tumbo likaanza kujaa gesi na kuchoma. Nikapimwa, nikaambiwa nina H. pylori, bakteria wa tumbo, nikameza dawa za wiki mbili, na tangu hapo nameza omeprazole, ya kupunguza asidi, kila siku. Tumbo lilitulia kidogo lakini moyo ukazidi kuwa mzito. Sina hamu ya kazi, wateja wananichosha, wakati mwingine naona afadhali nisiamke. Kliniki walinipa sertraline, dawa ya sonona, ya miligramu 50, sasa ni wiki ya saba. Nafuu ipo, ila si kubwa. Mgongo nao unaniuma kwa kuinamia cherehani, kwa hivyo hununua diclofenac kwa kemisti. Sasa mwenzangu wa chama ananiambia sonona haitoki kichwani, inatoka kwa utumbo mchafu. Eti asilimia 90 ya serotonini, kemikali ambayo dawa hizi hufanya kazi nayo, hutengenezwa tumboni, kwa hivyo hizi dawa za kichwa ni bure. Anauza chai ya kusafisha utumbo na vidonge vya bakteria wazuri, shilingi 14,500 kwa miezi mitatu. Ni kweli? Niache sertraline? Nile nini?"

Dada yangu, pole sana kwa kumpoteza mama. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kuna mambo mawili umeyataja kwa kupitia tu ambayo ndiyo nitakayoanza nayo. Bakteria watasubiri.

La kwanza ni hayo maneno "afadhali nisiamke". Wengi wenye sonona hupitiwa na wazo hilo, na kulisema hakumfanyi mtu kuwa mwendawazimu. Lakini ni wazo lisilotulia mahali pamoja. Leo ni uchovu wa kuishi, kesho linaweza kuwa mpango. Mwambie aliyekuandikia sertraline, wiki hii, kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia mimi. Ukijikuta unafikiria namna ya kufanya au siku ya kufanya, usingoje miadi: usikae peke yako, mwite mtu, piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, au nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu. Wala usizuiliwe na hofu ya polisi. Kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha katiba Januari 2025.

La pili ni diclofenac. Chembe za damu zinazoziba jeraha huhitaji serotonini kidogo ili zifanye kazi yake, na sertraline huzipunguzia akiba hiyo. Diclofenac nayo huvua tumbo utando unaolikinga na asidi. Kila moja peke yake ina hatari ndogo. Zikikutana kwenye tumbo ambalo juzi tu lilikuwa na H. pylori, hatari ya kuvuja damu ndani inapanda. Acha diclofenac. Kwa mgongo tumia paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na ukubali kwamba kiti chako cha cherehani huenda ni kifupi mno. Usikubali kemisti akubadilishie na tramadol, kwa sababu hiyo nayo haipatani na sertraline. Na ukiona choo cheusi cha kunata kama lami, au matapishi kama makapi ya kahawa, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili.

Sasa swali lenyewe. Mwenzako wa chama hajakudanganya. Amekupa nusu ya habari, na nusu hiyo ameiwekea bei.

Kumbuka mara ya mwisho ulipougua malaria baada ya kutoka nyumbani mashambani, au mafua makali ya Julai. Hutaki chakula, hutaki simu, watoto wa jirani wakicheka unaona ni kelele. Unajifunika blanketi, unageukia ukuta. Kijidudu hakikukuamuru hivyo. Ni kinga yako mwenyewe. Seli za kinga zikimwona adui humwaga kemikali za kupashana habari zinazoitwa saitokini, na habari hizo hufika ubongoni kwa njia kadhaa: nyingine kupitia damu, nyingine kupitia neva ndefu ya vagasi inayoshuka kutoka chini ya ubongo hadi matumboni. Ubongo ukizipokea, unauambia mwili ulale, uhifadhi nguvu, ujitenge na watu. Kwa siku tano mpango huo unakuokoa. Ukiendelea miezi mitano bila adui wa kupigana naye, unafanana mno na kile ambacho sisi huandika kwenye faili kama sonona.

Kwamba kinga inaweza kuleta sonona si nadharia tu. Kabla vidonge vipya vya homa ya ini aina ya C havijapatikana, wagonjwa walidungwa interferoni, ambayo ni saitokini yenyewe, kwa miezi sita hadi mwaka. Kati ya robo na theluthi yao waliingia kwenye sonona kamili, wakiwemo watu ambao hawajawahi kujua huzuni ya namna hiyo. Watafiti pia wamewadunga watu wenye afya chanjo ya taifodi, ambayo huamsha kinga kidogo, na saa chache baadaye hali yao ya moyo ikashuka kuliko ya wale waliodungwa maji ya chumvi. Sindano ya mkono, moyo ukawa mzito. Mimi nilipoanza kazi hii sikufundishwa hayo. Nilifundishwa kumwambia mgonjwa kwamba "kemikali fulani imepungua kichwani", na kwa miaka niliyasema hivyo kwa sababu foleni ilikuwa imefika kwenye korido na sentensi ile ilikuwa fupi.

Hali hii ya kinga iliyowaka tunaiita inflamesheni. Ukijikata kidole kikavimba, kikawa chekundu na cha moto, hiyo ndiyo. Ile inayohusika na sonona haionekani hivyo. Ni kama makaa ya jiko yaliyofunikwa majivu, joto dogo la kudumu mwili mzima. Linaloyachochea ni mambo ya kawaida kabisa: kukosa usingizi, mafuta mengi ya tumbo, sigara, ufizi unaooza, kisukari, ugonjwa wa viungo, na, jambo ambalo watu hushangaa nikilisema, msongo wa muda mrefu na mateso ya utotoni. Yaani huzuni huwasha kinga, na kinga iliyowaka huongeza huzuni.

Joto hilo linagusaje moyo? Wewe ni fundi, utanielewa. Katika chakula tunapata kitu kiitwacho triptofani, na ubongo hukitumia kama kitambaa cha kushonea serotonini. Saitokini zikizidi, huamsha kimeng'enya kinachokichukua kitambaa hicho na kukikata nguo nyingine kabisa, kinurenini, na baadhi ya vipande vinavyotokana nayo huchokoza seli za ubongo. Wakati huo huo kemikali ya hamu, dopamini, hupungua nguvu, na ndiyo maana sonona ya namna hii huonekana zaidi kama uchovu na kukosa hamu kuliko kama machozi.

Lakini ngoja. Si kila mwenye sonona ana makaa hayo. Tukipima CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha inflamesheni, takriban robo ya wenye sonona ndio hukutwa juu ya miligramu 3 kwa lita. Wengine wote wako kawaida. Mwaka 2013 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanyika Marekani: watu 60 wenye sonona sugu, nusu wakapewa infliximab, dawa kali inayozima saitokini moja, nusu wakapewa dripu isiyo na dawa. Kwa jumla, hakuna aliyemshinda mwenzake. Walipochambua, wale waliokuwa na CRP ya juu walielekea kunufaika na dawa, na wale wa CRP ya chini walifanya vizuri zaidi bila dawa hiyo. Mimi nimelibeba jaribio hilo kichwani kuliko mengine yote, kwa kuwa linanizuia kufurahia mapema. Kumwagia maji mtu ambaye nyumba yake haiungui ni kumlowanisha tu.

Tumbo linaingiaje? Ndani yako kuna bakteria wanaokadiriwa kuwa trilioni 38, wengi wao wakiwa kwenye utumbo mpana, idadi inayokaribiana na seli za mwili wako. Si wapangaji wa bure. Wanachachusha nyuzinyuzi ambazo wewe huwezi kuzisaga, za maharagwe, za mboga, za ganda la nafaka, na kutoa asidi fupi kama butireti, ambayo ni chakula cha seli za ukuta wa utumbo. Ukuta ukishiba, unashikana barabara. Ukikosa nyuzinyuzi kwa muda, ukuta unalegea, na vipande vya maganda ya bakteria hupenya hadi kwenye damu. Kinga ikivigusa, inafanya inachojua kufanya: inawaka. Hapo ndipo hadithi ya tumbo na hadithi ya kinga zinapokutana, kama chanda na pete.

Mengi ya haya tumeyajua kwa panya. Mwaka 2004 Wajapani walionyesha kwamba panya waliolelewa bila bakteria yeyote walitoa homoni za msongo kupita kiasi wakibanwa, na wakipewa bakteria mapema, walitulia. Mwaka 2016 kinyesi cha watu wenye sonona kilihamishiwa panya, na panya wakaanza kupoteza hamu ya vitu vitamu na kuonyesha wasiwasi. Kwa binadamu, utafiti wa Ubelgiji wa 2019 uliochunguza watu 1,054 ulikuta aina mbili za bakteria, Coprococcus na Dialister, zimepungua kwa wenye sonona, hata baada ya kuzingatia dawa za sonona walizokuwa wakimeza. Ni habari nzito. Ila haisemi nani alimtangulia mwenzake. Mtu mwenye sonona hali kama zamani, halali, hatembei. Bakteria wake watabadilika kwa hayo pekee.

Na ile asilimia 90? Ni kweli: takriban tisa kwa kumi ya serotonini ya mwili hutengenezwa kwenye utumbo. Lakini serotonini hiyo haivuki kuingia ubongoni. Mishipa ya damu ya ubongo ina kizuizi, na serotonini haina pasi ya kupita. Ya tumboni kazi yake ni ya tumboni, kusukuma chakula na kuamsha neva za huko, na ubongo hujishonea yake. Ndiyo maana wiki za kwanza za sertraline huwa na kichefuchefu au kuharisha: dawa inagusa serotonini ya pande zote mbili, na tumbo hulalamika kabla moyo haujaanza kupata nafuu. Kwa hivyo hoja ya mwenzako, ukiifuata mpaka mwisho, haisemi kwamba dawa zako ni bure.

Kuhusu vidonge vya bakteria nitakupa mfano mmoja, kisha uamue mwenyewe. Mwaka 2011 watafiti wa Cork, Ireland, waliwalisha panya bakteria mmoja aina ya Lactobacillus, na panya wakawa wajasiri na watulivu. Neva ya vagasi ilipokatwa, athari ikapotea. Dunia ilisisimka. Mwaka 2017 bakteria huyo huyo alijaribiwa kwa wanaume 29 wenye afya, na hakuonyesha tofauti na kidonge kitupu. Majaribio ya aina nyingine za bakteria yamekuwa na matokeo mchanganyiko. Mengi ni madogo, ya wiki chache, na nafuu inapoonekana huwa ya kiasi, zaidi kwa watu waliovimeza pamoja na dawa zao. Pamoja na, si badala ya.

Tena nani aliamua bakteria gani ni "wazuri"? Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa Wahadzabe 27, wawindaji wa huko Ziwa Eyasi, Tanzania, watu wanaokula mizizi, matunda, asali na nyama ya mwituni. Utumbo wao ulikuwa na bakteria wa aina nyingi kuliko wa Waitaliano waliolinganishwa nao. Lakini bifidobakteria, yule ambaye jina lake limebandikwa kwenye chupa nyingi za "bakteria wazuri", hakupatikana kwao kabisa. Chupa ya 14,500 haijui utumbo wako unahitaji nini.

Chai ya kusafisha utumbo nina ukali nayo zaidi. Utumbo si sufuria ya kusuguliwa. Nyingi za chai hizi zina sena, jani la kuendesha tumbo. Unapoteza maji na madini, na unaona umepungua tumbo kumbe umeharisha. Nyingine zina mimea isiyoandikwa kwenye pakiti. Mmoja wa hiyo, wort wa Mtakatifu Yohana, kweli una athari ya kupunguza sonona, na kwa sababu hiyo hiyo ni hatari kuuchanganya na sertraline.

Chakula ni jambo jingine, na hapa ndipo nina matumaini kidogo. Mwaka 2017 yalitoka Australia matokeo ya jaribio la watu 67 wenye sonona waliokuwa wakila vibaya. Kundi moja lilisaidiwa na mtaalamu wa lishe kubadili mlo kwa wiki 12. Jingine lilipata mtu wa kuzungumza naye tu. Mwishoni asilimia 32 ya kundi la chakula walikuwa wametoka kwenye sonona, dhidi ya asilimia 8. Jaribio ni dogo, na kila mtu alijua yuko kundi gani, jambo linalotia chumvi matokeo. Pia wengi wao walikuwa kwenye dawa au ushauri nasaha, na hawakuacha.

Mlo wao ulikuwa wa kule, wa mafuta ya zeituni na samaki. Wetu hauko mbali kama unavyodhani. Githeri, ndengu, kunde, managu, terere, nduma, omena, parachichi la shilingi ishirini wakati wa msimu: nyuzinyuzi za kutosha ziko kwa mama mboga wa hapo nje. Maziwa lala na uji uliochachushwa siku mbili una bakteria hai bila kuagizwa kutoka popote. Tumbo lako limetoka kuchomeka, kwa hivyo usirukie sahani nzima ya maharagwe kesho, gesi itakufanya unilaani. Loweka usiku kucha, mwaga maji, pika yalainike, anza na vijiko vitatu vinne, ongeza wiki hadi wiki. Kinachofaa kupungua ni kile chakula cha mtu asiye na nguvu za kupika, ambacho najua unakila kwa sababu nami nimekila: chai ya sukari nyingi na mkate asubuhi, chai na mandazi mchana, chipsi jioni.

Huenda unajiuliza kama zile dawa za wiki mbili za H. pylori ndizo zilizokuharibu. Antibayotiki huwatikisa bakteria wa tumbo, ndiyo, lakini kwa watu wengi jamii hiyo hurudi kwa sehemu kubwa ndani ya wiki au miezi michache, hasa ikilishwa. H. pylori ikiwa imethibitishwa kwa kipimo, ilistahili kutibiwa. Ninachokuomba ni usizirudie kwa kubahatisha. Nairobi mtu hupimwa Widal, kipimo cha damu cha taifodi, mara tatu kwa mwaka, mara tatu anaambiwa ni taifodi, mara tatu anameza cipro, antibayotiki nyingine, na kipimo hicho chenyewe hukosea sana.

Ila tazama tarehe zako mwenyewe. Mama alizikwa Novemba. Usingizi ulikatika Novemba. Tumbo lilianza Machi. Kama tumbo ndilo lililoleta sonona, lilichelewa miezi minne. Ninavyoisoma barua, huzuni ya msiba iliyogeuka sonona ilitangulia, na tumbo likaongezea uzito. Huenda hata sehemu ya kile kiungulia ilikuwa sonona ikizungumza kwa lugha ya tumbo, kama inavyofanya kwa wengi wanaokuja kwangu. Na barua nzima kuhusu bakteria ina sentensi moja tu juu ya mama. Hilo ni la kuzungumziwa na mshauri nasaha, polepole, si la kumezewa kidonge cha aina yoyote.

Sertraline usiiache. Wiki saba na nafuu ndogo kwenye miligramu 50 si dalili kwamba dawa imeshindwa. Ni wakati wa daktari kuangalia kama kipimo kiongezwe au dawa ibadilishwe. Ukipona, kwa kawaida huendelea nayo miezi sita au zaidi, kisha inapunguzwa kidogo kidogo. Ukiikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, hasira na mishtuko kama ya umeme kichwani, halafu mtu wa chama akuambie ni sumu inatoka.

Kwenye miadi hiyo omba wapime wingi wa damu, tezi la shingo, sukari, vitamini B12, na HIV kama hujapima karibuni, kwa sababu yote hayo yanaweza kujifanya sonona. Uliza pia kama bado unahitaji omeprazole. Ya kila siku hubadilisha bakteria wa tumbo, lakini kwa sasa inakukinga, kwa hivyo usiiache mpaka diclofenac iwe imekwisha mwilini na daktari amesema. Kupima kinyesi ili kujua orodha ya bakteria wako usilipie. Hakuna daktari Nairobi wala London anayeweza kukupangia tiba ya sonona kwa karatasi hiyo.

Beba pakiti zote ulizonazo nyumbani kwenye mfuko mmoja, za hospitali, za kemisti, na hiyo chai pia kama ulishainunua na ukaona haya kuniambia. Zimwage mezani kwa daktari kabla hajakuuliza chochote.